Kiti Kisicho na Mwenyewe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Namba Chanya Ndogo Inayokosekana kwenye Safu

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa darasa letu la Jumamosi hapa Kampala, na wa wenzetu wanaotufuata kwa simu kutoka Arua, Busia na Kasese. Kuna chemshabongo moja iliyozaa maswali kuliko nyingine zote tulizofanya, na mengi yalinifikia WhatsApp saa tano za usiku. Nimeyakusanya hapa. Ukinitumia swali ambalo limeshajibiwa hapa chini, nitakurudisha hapa bila hata salamu.

Chemshabongo yenyewe inasemaje?

Umepewa safu ya namba nzima, na haikupangwa. Ndani yake mnaweza kuwa na namba hasi, sifuri, namba zilizojirudia na namba kubwa za ajabu. Tafuta namba nzima chanya iliyo ndogo kuliko zote ambayo haimo kwenye safu.

Safu ikiwa [3, 1, 2], jibu ni 4. Ikiwa [5, 6, 7], jibu ni 1, na hapa ndipo wengi hujikwaa kwa kujibu 8 au 4. Hakuna anayekuuliza pengo lililo katikati ya namba ulizopewa. Unahesabu kuanzia moja, na ya kwanza isiyoonekana ndiyo hiyo.

Masharti ni mawili. Muda uwe wa mstari, na usifungue safu ya pili kubwa ya kukusaidia. Kwenye LeetCode, tovuti ya mazoezi ya kuandika programu, hili ni swali la 41, nao wameliweka kwenye kundi la maswali magumu. Bila masharti hayo mawili, ni swali la dakika tano.

"Muda wa mstari" maana yake nini?

Maana yake kazi inaongezeka sawasawa na wingi wa namba. Namba zikiwa mara mbili, kazi nayo iwe mara mbili. Ukichora grafu yake unapata mstari ulionyooka, ndiyo asili ya jina.

Fikiria kumenya matoke. Mikungu miwili inakula muda mara mbili ya mkungu mmoja, basi. Sasa fikiria sherehe ambayo kila mgeni lazima amsalimie kila mgeni mwenzake. Wageni 10 wakiwa 20, salamu haziwi mara mbili, zinapita kidogo mara nne, na hapa Buganda salamu si jambo la sekunde mbili. Kumenya matoke ni O(n), ambapo n ni wingi wa vitu. Salamu ni O(n²).

Hiyo herufi O ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwanahisabati Mjerumani Paul Bachmann aliitumia mwaka 1894, Edmund Landau akaieneza, na Donald Knuth ndiye aliyeandika mwaka 1976 jinsi watu wa kompyuta wanavyopaswa kuitumia.

Kwa tarakimu: safu ya namba 100,000 kwa njia ya salamu ni hatua 10,000,000,000. Tuseme kompyuta yako inamaliza hatua milioni 10 kwa sekunde. Utasubiri sekunde 1,000, yaani zaidi ya dakika 16, na umeme ukikatika unaanza upya. Kwa njia ya matoke unamaliza kabla hujafika mlangoni.

Kwa nini nisiipange tu safu kisha nitembee nayo?

Unaweza. Ukiipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, unapita mara moja ukitafuta 1, kisha 2, kisha 3, na inapokosekana unasimama. Lakini kupanga kwa kulinganisha namba mbili mbili hakushuki chini ya n mara logi ya n. Kwa namba 100,000 ni kama hatua milioni 1.7, maana logi ya 100,000 kwa kizio cha 2 inakaribia 17.

Sitakudanganya kwamba ni polepole. Kwa kazi ya kawaida hutaona tofauti. Sharti ndilo linalokukataza, na mtahini akiuliza "muda wa mstari" anataka kuona kama unajua kwamba kupanga ni kufanya kazi zaidi ya uliyoombwa. Hukuombwa mpangilio wa namba zote. Umeombwa namba moja.

Na nikitumia seti?

Hapo umefika penye muda wa mstari, kwa wastani. Seti ni mfuko wa namba zisizojirudia, unaokujibu haraka kama namba fulani imo. Kwa Python:

```
def kwa_seti(a):
    zilizopo = set(a)
    k = 1
    while k in zilizopo:
        k += 1
    return k
```

Mistari sita na inasomeka kama barua. Ningekuwa kazini ningeandika hii na kwenda kunywa chai. Inachoshindwa ni sharti la pili tu, kwa kuwa seti inakula kumbukumbu inayokua pamoja na safu. Mtu akikuuliza swali hili kwenye usaili wa kazi, anza na hii kwa sauti, halafu useme, "Sasa tuone kama tunaweza bila seti." Nimeona watu wakiruka moja kwa moja kwenye ujanja, wanakwama katikati, na wanatoka mikono mitupu ilhali jibu zuri walikuwa nalo.

Mwalimu, mbona kaka yangu ananiambia nijumlishe zote kisha nitoe?

Kaka yako anazungumzia chemshabongo nyingine, jirani ya hii. Kule unaahidiwa kwamba safu ina namba zote za 1 hadi n isipokuwa moja, hakuna iliyojirudia, hakuna hasi. Unajumlisha 1 hadi n kwa n(n + 1)/2, unatoa jumla ya safu, kinachobaki ndicho kilichokosekana. Kwa 1 hadi 100 jumla kamili ni 5,050. Safu yako ikitoa 5,013, namba iliyopotea ni 37.

Kwetu sisi hakuna ahadi yoyote, kwa hiyo jumla haikuambii kitu. Ila ukiifanya ile ya kaka yako kwa Java au C++, chunga. Kigezo cha biti 32 kinaishia 2,147,483,647. Ukizidisha n kwa n + 1 kabla ya kugawa, kuanzia n = 46,341 namba inafurika na unapata jibu la ajabu, pengine hasi. Python haina tatizo hilo.

Hiyo hadithi ya basi ni ipi? Kila mtu anaitaja.

Ndiyo moyo wa jambo lote, kwa hiyo nitaieleza polepole.

Nilipanda basi la Arua pale Kisenyi, usiku. Tiketi yangu iliandikwa 14 kwa kalamu. Nikaona kiti namba 1, nyuma ya dereva, kiko wazi, nikakaa, maana kule mbele mtu hatupwi sana na barabara. Na si mimi peke yangu. Basi zima lilikuwa limejaa na karibu kila mtu amekaa alipotaka.

Kondakta akaingia. Akasimama penye kiti namba 1, hakwenda mbali.

"Kaka, tiketi."

"Kumi na nne."

"Nenda kumi na nne."

Kiti namba 14 alikuwa amekalia mama mmoja mwenye kikapu cha kuku wawili. Nikaketi pale, yeye akaletwa mbele kwenye kiti nilichoacha. Kondakta bado yuko palepale.

"Mama, na wewe?"

"Mwanangu, mimi nilikuta kiti kiko wazi."

"Tiketi inasema ngapi, mama?"

Ilisema 31. Mama na kuku wake wakaenda 31, na mzee aliyekuwa 31 akaja mbele. Mzee tiketi yake 6. Akaenda 6, na kijana wa 6 akaja mbele. Kijana akatoa tiketi, kondakta akaisoma mara mbili: ni ya basi la kesho. Huyo hana kiti humu. Kondakta akamwacha akae palepale namba 1 kwa muda, naye ndipo akapiga hatua moja hadi kiti namba 2, akaanza tena.

Huko nyuma kulikuwa na jambo jingine. Dada mmoja alikuwa na tiketi 22, na kiti namba 22 kilikuwa na mtu mwenye tiketi 22 vilevile. Kiti kimoja kiliuzwa mara mbili. Kondakta hakuwabadilisha, maana kubadilisha 22 kwa 22 ni kazi bure. Dada akaambiwa abaki alipo kwanza.

Alipofika mwisho wa basi akarudi mbele, akatembea tena akiangalia tu. Kiti cha kwanza ambacho aliyekikalia si mwenyewe, ndicho kiti ambacho tiketi yake haimo ndani ya basi. Hilo ndilo jibu la chemshabongo.

Basi ni safu. Abiria ni namba. Tiketi ya kesho ni namba hasi, sifuri, au namba kubwa kuliko idadi ya viti. Dada wa 22 ni namba iliyojirudia.

Kwa nini namba kubwa kuliko n tunazipuuza? Je, jibu likiwa huko?

Jibu haliwezi kuwa mbali huko. Abiria n hawawezi kujaza viti n + 1. Hata safu ikiwa nzuri kabisa, yenye 1, 2, 3 hadi n bila kukosa, jibu ni n + 1. Ikiharibika popote, jibu linashuka, halipandi. Kwa hiyo ukipewa namba sita na mojawapo ni bilioni tatu, hiyo bilioni tatu haikuhusu, jibu liko kati ya 1 na 7.

Ninawasihi mkae na aya hiyo kidogo. Ukishaiona, nusu ya ugumu umeondoka, maana sasa unajua kwamba viti ulivyo navyo vinatosha na huhitaji daftari la pembeni.

Msimbo wake ukoje?

```
def namba_inayokosekana(viti):
    n = len(viti)
    for i in range(n):
        while 1 <= viti[i] <= n and viti[viti[i] - 1] != viti[i]:
            k = viti[i] - 1
            viti[i], viti[k] = viti[k], viti[i]
    for i in range(n):
        if viti[i] != i + 1:
            return i + 1
    return n + 1
```

Ile "toa moja" ipo kwa sababu Python inahesabu nafasi kuanzia sifuri, na basi letu linahesabu viti kuanzia moja. Kiti namba 4 kiko nafasi ya 3.

Nionyeshe kwa mkono, hatua kwa hatua.

Chukua [4, 9, 1, -2, 2, 4]. Viti sita.

Kondakta yuko kiti 1. Aliyekaa ana tiketi 4. Kiti cha 4 kina -2, si mwenyewe. Badilisha: [-2, 9, 1, 4, 2, 4]. Sasa kiti 1 kina -2, mtu wa basi jingine. Songa.

Kiti 2 kina 9. Basi lina viti sita. Songa.

Kiti 3 kina 1. Kiti cha 1 kina -2. Badilisha: [1, 9, -2, 4, 2, 4]. Kiti 3 sasa kina -2. Songa.

Kiti 4 kina 4, mwenyewe yuko kwake.

Kiti 5 kina 2. Kiti cha 2 kina 9. Badilisha: [1, 2, -2, 4, 9, 4]. Songa.

Kiti 6 kina 4, lakini kiti cha 4 tayari kina 4. Huyu ni dada wa tiketi iliyouzwa mara mbili. Muache.

Rudi mbele: kiti 1 kina 1, kiti 2 kina 2, kiti 3 kina -2. Jibu ni 3, kwa mabadiliko matatu tu.

Fanya hivi kwa karatasi kabla ya kufungua kompyuta. Nasema kwa herufi kubwa: KARATASI. Kata vipande sita, viandike namba, viweke mezani, vihamishe kwa kidole. Wanafunzi wangu waliofanya hivyo hawakuniuliza swali linalofuata.

Kuna kitanzi ndani ya kitanzi (while ndani ya for). Hiyo si n mara n?

Hili ndilo swali lililonifanya niandike ukurasa huu. Afande mmoja anayesoma nasi alisimama darasani akasema, "Mwalimu, n ndani ya n ni n kwa n, hiyo haina mjadala." Darasa zima likatikisa kichwa kukubaliana naye, na nusu yao bado hawajaniamini.

Afande anahesabu vitanzi. Mimi nataka ahesabu kazi.

Mpe kila abiria sarafu moja ya shilingi 500 anapopanda. Sheria ni kwamba kila mabadiliko ya viti yanagharimu sarafu moja, na anayelipa ni yule anayepelekwa kwenye kiti chake mwenyewe. Je, kuna abiria atakayelipa mara mbili? Hakuna. Akishakaa kwenye kiti chake hainuliwi tena. Angalia sharti la while: kabla ya kubadilisha linauliza kama kiti kule kina mwenyewe, na kama kina, halimgusi. Kwa hiyo sarafu zote humo ndani ni n, na mabadiliko yote, kuanzia kiti cha kwanza hadi cha mwisho, hayawezi kuzidi n. Kwa kweli hayazidi n - 1, kwa sababu basi likipangika kikamilifu, badiliko la mwisho huwakalisha watu wawili kwa mkupuo, kila mmoja kwenye kiti chake, lakini tusigombee moja.

Ni kweli kwamba kwenye kiti kimoja kitanzi cha ndani kinaweza kuzunguka mara nyingi. Chukua [2, 3, 4, 1]. Kondakta akiwa kiti 1 tu, safu inakuwa [3, 2, 4, 1], kisha [4, 2, 3, 1], kisha [1, 2, 3, 4]. Mabadiliko matatu bila kondakta kupiga hatua. Lakini tazama kilichobaki: kiti 2, 3 na 4 havina kazi yoyote. Sarafu zimekwisha. Alichotumia pale mbele hakitatumika tena kule nyuma.

Kitanzi cha salamu kwenye sherehe ni tofauti kabisa. Pale kila mgeni mpya anaanza upya kuwasalimia wote, hakuna anayesema "mimi nilishasalimiwa". Vitanzi vinafanana kwa sura, kazi haifanani.

Hesabu kamili kwa safu ya 100,000: mabadiliko hayafiki 100,000. Sharti la while linaulizwa mara moja kwa kila badiliko na mara moja zaidi kwa kila kiti linapokataa, kwa hiyo chini ya 200,000. Upitiaji wa mwisho, 100,000 kwa wingi. Ukizidisha safu mara mbili, vyote vinazidi mara mbili. Huo ni mstari.

Afande alirudi Jumamosi iliyofuata na sarafu za kweli mfukoni, akazipanga mezani, akajaribu kunifilisi kwa mpangilio mmoja mbaya baada ya mwingine. Alishindwa, na sarafu zilinunua rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) za watu wanne.

Programu yangu haimalizi. Feni ya kompyuta inanguruma tu. Nimekosea wapi?

Mara nyingi ni moja kati ya mawili, na yote mawili yamenipata mimi mwenyewe.

La kwanza: uliandika sharti "viti[i] != i + 1" badala ya kuuliza kuhusu kiti kinachoendewa. Safu isiyo na marudio itapita vizuri na utajisifu. Halafu mtu anakupa [1, 1]. Kiti cha 2 kina 1, si mwenyewe, unambadilisha na kiti cha 1 ambacho nacho kina 1, na bado kiti cha 2 kina 1, unambadilisha tena, na tena. Mimi niliiacha ikizunguka nikidhani ni safu kubwa, nikaenda kula, nikarudi nikakuta betri imekwisha.

La pili ni la Python na ni la kishetani zaidi:

```
viti[i], viti[viti[i] - 1] = viti[viti[i] - 1], viti[i]
```

Inaonekana sawa. Sivyo. Python inasoma upande wa kulia wote kwanza, kisha inaweka upande wa kushoto kwa zamu, wa kwanza halafu wa pili. Kwa [2, 1], kulia inapata 1 na 2. Inaweka viti[0] = 1. Sasa inatafuta mahali pa kuweka 2, inasoma viti[viti[0] - 1], lakini viti[0] imeshakuwa 1, kwa hiyo inaangukia nafasi ya 0 tena. Inaandika 2 juu ya 1. Safu inarudi [2, 1] kama ilivyokuwa, na kitanzi kinaendelea hadi asubuhi. Ndiyo maana kwenye msimbo wangu namba ya kiti nimeihifadhi kwanza kwenye k. Unaweza pia kugeuza zamu za upande wa kushoto, lakini mtu atakayekuja kusoma msimbo wako hatajua kwa nini, atageuza tena, na mtalaumiana.

Tunavuruga safu ya watu. Je, ni haki kusema hatutumii kumbukumbu ya ziada?

Swali zuri, na jibu langu ni kwamba ni haki kwa kiasi. Tumeigeuza safu uliyopewa kuwa daftari letu. Kama mwenye safu anaihitaji kwa mpangilio ule ule, itakubidi utengeneze nakala kwanza, na nakala ni kumbukumbu ya n. Hapo umerudi kwenye gharama ya seti, ukiwa na msimbo mgumu kuliko wa seti. Kama ni orodha ya risiti za duka kwa jinsi zilivyotolewa, usithubutu kuigusa.

Kuna njia nyingine ya kuandika ndani ya safu bila kuhamisha mtu. Badilisha kila namba isiyo kati ya 1 na n iwe n + 1. Kisha kwa kila namba v, ukiitazama bila alama yake, kama ni n au chini, weka alama ya hasi kwenye kiti namba v, kama kuchora chaki mlangoni kwamba mwenyewe nimemwona. Safu yetu [4, 9, 1, -2, 2, 4] inakuwa [4, 7, 1, 7, 2, 4], na baada ya chaki [-4, -7, 1, -7, 2, 4]. Kiti cha kwanza kisicho na chaki ni cha 3. Jibu lile lile. Wengine wanaipenda zaidi kwa sababu haina while. Mimi napenda basi.

Tunaweza kwenda haraka kuliko mstari?

Kwa safu isiyopangwa, hapana. Ukiacha kusoma namba moja tu, hiyo hiyo inaweza kuwa ndiyo iliyokuwa ikijaza pengo, na hutajua.

Safu ikiwa tayari imepangwa, ni chanya tupu na haina marudio, hapo ndiyo. Fungua katikati. Kama kiti cha katikati kina mwenyewe, wote wa kushoto wako sawa, pengo liko kulia. Kama hana, pengo liko pale au kushoto. Gawa nusu, gawa nusu. Kwa namba 100,000 ni hatua 17 hivi.

Hii inatumika wapi nje ya mitihani?

Pengine kwenye simu uliyoishika. Mifumo inayofuata kanuni za POSIX, Linux ikiwemo, programu ikifungua faili hupewa namba ndogo kuliko zote ambayo haitumiki wakati huo. Ukifunga namba 3 ilhali 4 na 5 bado zinatumika, faili inayofuata inapewa 3. Ni chemshabongo yetu, ila kule wanaanza na sifuri na wanatunza rekodi muda wote badala ya kutafuta upya.

Ipo pia kwenye hisabati ya michezo ya zamu kwa zamu. Roland Sprague mwaka 1935 na Patrick Grundy mwaka 1939, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba thamani ya nafasi kwenye michezo ya aina fulani ni namba ndogo isiyomo kati ya thamani za nafasi unazoweza kuziendea.

Na kutafuta namba iliyojirudia, ni basi lile lile?

Linaweza. Dada wa 22 anajitokeza mwenyewe. Lakini ukipewa namba n + 1, zote kati ya 1 na n, na ukakatazwa kuigusa safu, kuna njia ya Floyd ya kobe na sungura: wawili wanafuata namba kama njia, mmoja hatua moja, mwingine mbili, hadi wakutane. Ndiyo, kobe anahusika, na safari hii hadanganyi mtu. Nitaiandikia ukurasa wake.

Kwa nini unafundisha kwa Kiswahili, na kwa nini "msimbo"?

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na darasani mwangu ndiyo lugha pekee ambayo mtu wa Arua na mtu wa Kasese wanagombana nayo bila mkalimani. "Msimbo" ni kwa sababu nikisema "kodi", nusu ya darasa wanafikiria mwenye nyumba.

Nimesoma yote na bado mfumo unakataa jibu langu.

Kabla ya kuniandikia, pitisha hizi: safu tupu itoe 1, [1] itoe 2, [2] itoe 1, [0] itoe 1, [1, 1] itoe 2, [2, 2] itoe 1, [2, 1] itoe 3, [-5, 0] itoe 1, [3, 2, 1] itoe 4, na [4, 9, 1, -2, 2, 4] itoe 3. Zikipita zote na bado umekwama, nitumie msimbo wenyewe kama maandishi pamoja na safu iliyoshindikana. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu gizani siwezi kuinakili.